Serikali ya nusu mkate wakati hazina imekauka: je, niuze hatifungani yangu?

"Mimi ni mstaafu wa bandarini, nakaa Changamwe. Jioni tukikaa barazani hatuna mazungumzo mengine ila siasa na madeni ya nchi. Wenzangu wengine wanasema nchi ikiishiwa pesa, vyama viungane vitawale pamoja. Wengine wanasema muungano ni kugawana minofu tu, na kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Nayakumbuka ya 2008, na ya 2024 nimeyaona. Naomba kujua: kwa nini wanasiasa huchukua wiki au miezi wakijadiliana ilhali nchi inaungua? Si afadhali mtu mmoja aamue? Halafu, nina shilingi 600,000 za kiinua mgongo nilizoziweka kwenye hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024, na nyingine kidogo ziko benki na Sacco. Wanangu wananisukuma niuze kila kitu ninunue dola kabla ya uchaguzi wa 2027. Wanasema Bunge likikosa mshindi na nchi ina deni namna hii, serikali itafilisika na pesa za watu zitapotea. Nifanye nini?"

Shikamoo, mzee wangu.

Umeuliza mawili, serikali ya nusu mkate (vyama hasimu kutawala pamoja) na akiba yako, lakini nikikusoma naona hofu moja: kwamba watu wasioaminiana watakabidhiwa nchi isiyo na pesa, na wewe uliyefanya kazi umri wako wote ndiye utakayelipia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu kuna nchi ambako imetimia. Lakini wanao wameunganisha mambo matatu yasiyofuatana: Bunge kukosa mshindi, serikali kuishiwa, na pesa za wananchi kupotea. Moja laweza kutokea bila jingine, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Niache nianze na siasa, kisha nije kwenye zile 600,000.

Hiyo methali ya manahodha ni ya kweli, ila haielezi kinachokizamisha chombo. Dhoruba ikizidi, shehena hutoswa baharini, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: itoswe ya nani kwanza? Serikali inayoundwa wakati wa uhaba ina kazi hiyo hiyo. Kuna watakaoongezewa kodi, kuna watakaopunguziwa ruzuku, kuna watakaocheleweshewa malipo. Nimesoma bajeti za serikali nyingi za namna hii, na kipimo ninachokiamini ni kimoja. Vyama vikikubaliana kwa maandishi na kwa tarakimu nani atakosa nini, ndipo vigawane vyeo, muungano huwa unafika. Vikigawana vyeo kwanza na suala la pesa likaachiwa kesho, ndipo chombo kinapokwenda mrama, hata manahodha wakiwa wawili tu.

Kwanza tuelewane kuhusu kuishiwa kwenyewe. Serikali haifungi milango siku moja ikasema pesa zimekwisha. Hulipa kwa foleni. Katiba yetu, kifungu cha 214, imeliweka deni la taifa kuwa mzigo wa moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali, kwa hiyo malipo yake hayasubiri huruma ya wabunge kila mwaka. Pensheni za watumishi wa umma na mishahara ya majaji nazo ziko mbele. Wanaosubiri ni walio nyuma: kaunti, hospitali, wakandarasi, mwenye tenda ya kupeleka unga shuleni. Wewe uko Mombasa na umeyaona. Mgao wa kaunti unachelewa kutoka Nairobi, wahudumu wa afya wanagoma, na mfanyabiashara aliyeuza vifaa kwa mkopo anazunguka na karatasi yake ya LPO, yaani agizo la ununuzi, mwaka mzima bila kulipwa. Hiyo ndiyo sura ya hazina iliyokauka, na huonekana hata chama kimoja kikiwa na wabunge tele. Mwenye hatifungani, yaani aliyeikopesha serikali kwa riba na muda uliowekwa, kisheria yuko karibu na kichwa cha foleni. Nasema "kisheria" kwa makusudi, na nitalirudia hilo nikifika Ghana.

Sasa, kwa nini wanachukua muda?

Kwanza ni katiba ya nchi inayohusika. Uingereza, Ubelgiji na Ugiriki ni nchi za kibunge: asiye na wingi wa wabunge hana serikali, basi. Uingereza ilipiga kura 6 Mei 2010, Conservative wakapata viti 306 na walihitaji 326. Nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanavyozidi mapato, ilikuwa karibu asilimia 10 ya pato la taifa, na juma hilo hilo Ugiriki ilikuwa ikiokolewa isifilisike. Mazungumzo yao na Liberal Democrats yalichukua siku 5. Hati waliyoitoa ilikuwa na kurasa 7, na kichwa chake cha kwanza kilikuwa kupunguza nakisi. Mtu anaweza kuikataa sera yenyewe, maana kule kubana matumizi kuliwaumiza wengi, wanyonge zaidi. Lakini serikali ile ilidumu miaka 5 kamili, na naamini sababu kubwa ni kwamba suala gumu liliwekwa ukurasa wa kwanza.

Ubelgiji ndiyo mfano wa upande wa pili. Ilipiga kura 13 Juni 2010 ikakaa siku 541 bila serikali mpya. Je, nchi ilisimama? Hapana. Serikali ya muda iliruhusiwa kutumia kila mwezi sehemu moja ya kumi na mbili ya bajeti iliyopita, mishahara ikaendelea, treni zikaendelea. Kilichovunja mkwamo ni soko la mikopo. Ijumaa ya 25 Novemba 2011 shirika la Standard & Poor's liliishusha Ubelgiji daraja la mkopo, yaani kipimo cha uwezo wake wa kulipa madeni. Kesho yake, Jumamosi, vyama 6 vilivyokuwa vikivutana vikakubaliana bajeti, na 6 Desemba serikali ikaapishwa. Mwaka na nusu wa maneno ulimalizwa na hofu ya riba ndani ya saa ishirini na nne.

Sisi tuna kinga inayofanana na ile ya Ubelgiji. Kifungu cha 222 kinasema mwaka wa fedha ukianza kabla ya sheria ya matumizi kupita, Bunge la Kitaifa linaweza kuidhinisha serikali itoe hadi nusu ya makadirio ya mwaka ili kazi ziendelee. Tena kwetu rais akishaapishwa amekaa. Mshirika akiondoka, serikali haianguki kama ya Ugiriki. Kwa hiyo "Bunge bila mshindi" nchini Kenya halina maana ya ikulu tupu. Lina maana ya rais anayelazimika kutafuta kura za watu wengine kila mwezi Juni, Mswada wa Fedha unapofika.

Sababu ya pili ya kuchukua muda watu hawaisemi sana, nayo ni bei. Chama kidogo kinachoingia serikali wakati wa shida hulipa vibaya. Liberal Democrats walikuwa na wabunge 57 mwaka 2010; baada ya miaka 5 ya muungano walibaki na 8. Kule Ugiriki, chama cha PASOK kilipata karibu asilimia 44 ya kura mwaka 2009, kikabeba mikataba ya wakopeshaji, kisha kikaingia muungano na mahasimu wake wa zamani. Januari 2015 kilipata chini ya asilimia 5. Kiongozi anayekaa mezani akijua hayo, anajua saini yake huenda ikakizika chama chake. Ndiyo maana anauliza kila kipengele mara tatu. Wiki hizo si zote zinapotea bure.

Lakini sitakuficha kwamba kuchelewa kuna gharama. Wagiriki walipiga kura 6 Mei 2012, vyama vikashindwa kuunda serikali, wakarudi kupiga kura 17 Juni. Katika zile wiki za katikati watu waliondoa akiba zao benki kwa wingi, wakihofia kuamka na sarafu nyingine. Walioumia zaidi ni wasio na pa kuzipeleka.

Na mtu mmoja akiamua? Angalia Sri Lanka. Mwaka 2020 Rais Gotabaya Rajapaksa na washirika wake walikuwa na theluthi mbili za Bunge, na katiba ikabadilishwa kumwongezea madaraka. Tayari alikuwa amepunguza kodi kwa kiasi kikubwa mwishoni mwa 2019, na Aprili 2021 akapiga marufuku mbolea za kemikali, yote kwa haraka na bila kizuizi. Aprili 2022 nchi ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake ya nje, na Julai akaikimbia. Na hapa kwetu, mzee wangu, 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipita Bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106. Huo si uhaba wa kura. Kesho yake rais alitangaza kwamba hatautia saini, kwa sababu vijana walikuwa barabarani na wengine wao walikuwa wameshauawa kwa risasi. Kwa hiyo wingi wa wabunge si sawa na ridhaa ya wanaotozwa, na anayeamua peke yake anaweza kugundua hilo akiwa amechelewa.

Nchi ninayoirudia kila nikilitafakari swali hili ni Zimbabwe. Kufikia Julai 2008 takwimu zao rasmi zilitaja mfumuko wa bei wa asilimia milioni 231. Mwezi Januari 2009 walichapisha noti ya dola trilioni 100. Mkataba wa kugawana madaraka kati ya chama tawala cha ZANU-PF na pande mbili za chama cha upinzani cha MDC ulitiwa saini 15 Septemba 2008, lakini miezi ikapita wakigombania wizara, huku kipindupindu kikiua watu zaidi ya 4,000. Morgan Tsvangirai aliapishwa kuwa waziri mkuu 11 Februari 2009 na Tendai Biti wa upinzani akapewa Wizara ya Fedha.

Kilichofuata kinafaa kuangaliwa kwa utulivu. Matumizi ya dola ya Marekani na randi yalikuwa yameruhusiwa wiki chache kabla, na serikali ya muungano ikayashikilia. Benki Kuu ikanyang'anywa uwezo wa kuchapisha pesa za kulipia mahitaji ya wanasiasa. Biti akaweka kanuni ya kutumia kilichokusanywa, si zaidi: mwezi ukiingiza kidogo, mwezi unalipa kidogo. Walimu na watumishi wengine wa umma wakaanza kwa posho ya dola 100 kila mmoja, waziri na mfagiaji sawa. Ni pesa ndogo mno, lakini zilinunua kitu dukani, na shule zikafunguliwa. Mfumuko wa bei ulikufa mwaka ule ule.

Usidhani mahasimu wale walipendana. Waligombana hadi mwisho, mwaka 2013. Kilichowasaidia ni kwamba kanuni ya pesa haikuwa na mlango wa nyuma: dola ya Marekani haichapishwi Harare. Nina imani hapo ndipo penye funzo kwa Waafrika wengine, maana sisi hupenda kumaliza ugomvi wa uchaguzi kwa kuongeza viti, na viti vinalipiwa na mfuko ule ule uliokauka.

Afrika Kusini walichukua njia nyingine. Mei 2024 chama cha ANC kilipata viti 159 kati ya 400, na katikati ya Juni kikaunda serikali ya umoja pamoja na DA, chama kikuu cha upinzani hadi hapo, na vyama vidogo. Hati waliyosaini ilikuwa ya kanuni za jumla. Haikusema kodi gani itapanda. Matokeo yake yakaonekana 19 Februari 2025. Bajeti ilikuwa isomwe saa nane mchana, waandishi wameshafungiwa ndani na nakala mikononi, ndipo ikatangazwa kuwa imeahirishwa. Waziri Enoch Godongwana alitaka kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 17, na washirika wakakataa. Haikuwahi kutokea hivyo tangu 1994. Mwezi Machi akarudi na nusu asilimia, DA wakapiga kura ya kupinga na kwenda mahakamani, na 24 Aprili ongezeko lote likafutwa. Serikali haikuvunjika. Lakini miezi mitatu ilipotea kwa jambo ambalo lingeweza kuamuliwa mezani Juni 2024. Hata hivyo, yule mama anayenunua unga na sabuni kule alinusurika kodi, na alinusurika kwa sababu hakukuwa na nahodha mmoja. Wale wenzako wanaosema muungano una faida wana hoja hapo.

Turudi nyumbani. Mwaka 2008 ulikuwepo bandarini. Unajua kuliko mimi makontena ya Uganda na Rwanda yalivyorundikana baada ya barabara na reli kukatwa, na mafuta yakaadimika Kampala. Mkataba wa 28 Februari 2008 uliosimamiwa na Kofi Annan ulizima moto wa ghasia za baada ya uchaguzi, na kwa hilo nitaushukuru daima. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa. Lakini serikali ya nusu mkate ilizaliwa na mawaziri wapatao 40 pamoja na makumi ya manaibu, mwaka ambao bei ya chakula na mafuta ilipanda duniani kote na benki za Marekani zikaanza kuanguka. Katiba ya 2010 ilijifunza: sasa mawaziri hawapungui 14 wala hawazidi 22. Huo ni ukuta mzuri, na yeyote atakayependekeza kuubomoa kwa jina la umoja, mwangalieni vizuri.

Ya 2024 yalikuja kwa mpangilio nisioupenda. Baraza la mawaziri lilivunjwa 11 Julai, siku chache baada ya Moody's, shirika jingine la kupima mikopo, kuishusha Kenya daraja. Vigogo wa ODM, chama cha upinzani, wakateuliwa, akiwemo John Mbadi katika Hazina Kuu na Hassan Joho wetu wa hapa Mombasa, wakaapishwa Agosti. Hati ya makubaliano kati ya UDA, chama cha rais, na ODM, yenye hoja 10, ikiwemo kulikagua deni la taifa, ilitiwa saini 7 Machi 2025, miezi saba baadaye. Vyeo vilitangulia, makubaliano yakafuata. Sisemi hakukuwa na faida. Shilingi ilitulia, Shirika la Fedha Duniani likaidhinisha mkopo wake Oktoba 2024, na Mswada wa Fedha wa 2025 haukuja na makali ya ule wa mwaka uliotangulia. Lakini raia hakuwa na karatasi ya kuwapimia viongozi wake katika miezi ile ambayo maamuzi magumu yalikuwa yakifanywa. Ikiwa 2027 italeta Bunge lililogawanyika, ulizeni karatasi kwanza. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inataka makubaliano ya muungano unaoundwa baada ya uchaguzi yawasilishwe kwa Msajili ndani ya siku 21 tangu kutiwa saini, kwa hiyo kuyadai si utovu wa adabu.

Sasa zile 600,000.

Hatifungani uliyoinunua ina riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, na za miundombinu hazikatwi kodi. Kwa kiasi chako hiyo ni zaidi ya shilingi 110,000 kwa mwaka, kama 55,000 kila miezi sita. Uliipata riba hiyo kwa sababu uliikopesha serikali wakati watu wengi walikuwa wakiiogopa. Wanao wanakuambia uachane nayo kwa hofu ile ile iliyokupa faida.

Tuangalie dola. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160. Aliyekimbilia dola siku hizo kwa shilingi 600,000 alipata dola 3,750. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi kama 129, na pesa zile zikawa na thamani ya shilingi 483,750. Alipoteza zaidi ya 116,000 na hakupata riba hata senti. Sisemi dola haiwezi kupanda tena. Inaweza, na uchaguzi mchafu unaweza kuisukuma. Nasema kwamba anayenunua siku ya hofu hununua bei ya hofu. Mwenye mtoto anayesoma nje au matibabu ya India ana sababu ya kuweka dola kiasi. Mstaafu anayenunua samaki na kulipa umeme kwa shilingi hana sababu ya kuhamisha kila kitu.

Jambo la pili ni bei ya kuuza. Hatifungani ikiuzwa kabla ya muda wake, bei hutegemea riba za soko siku hiyo. Chukua ya shilingi 100,000 yenye riba ya asilimia 12 na miaka 10 iliyobaki: soko likitaka asilimia 16, mnunuzi atakupa kama 80,000 tu. Riba za soko zikishuka, mambo hugeuka. Riba za hati za serikali za siku 91 (mikopo ya muda mfupi) zilikaribia asilimia 16 katikati ya 2024, zikashuka hadi karibu 8 mwaka 2025, na kwa hali hiyo yako ya 18.46 ilipanda thamani. Ukiuza wakati riba ziko chini utapata zaidi ya ulichoweka, lakini hutapata pengine pa kukulipa 18. Ukisubiri hofu ya uchaguzi ipandishe riba ndipo uuze, utauza kwa bei mbaya. Asiyeuza hapotezi kwa kupanda na kushuka huko. Anaendelea kupokea riba yake mpaka mtaji urudi.

Kuna hatari moja ya kweli, nayo ni Ghana. Uchaguzi wa 2020 uliwapa chama tawala cha NPP viti 137, NDC ya upinzani 137 na mgombea huru 1. Hawakuunda muungano wa kweli. Serikali ilijishikiza kwa yule mmoja. Kodi yao ya miamala ya simu ilikwama kwa miezi, wabunge wakipigana ngumi ukumbini Desemba 2021, ikapita mwisho wa Machi 2022, na Julai wakaenda kuomba msaada wa Shirika la Fedha Duniani. Desemba serikali ikawataka wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi. Wastaafu walisimama nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra mapema 2023, na aliyekuwa Jaji Mkuu, Sophia Akuffo, akasimama nao. Wasiotia saini hawakulazimishwa mwishowe, lakini malipo yao yalichelewa. Huo ndio mpaka wa "kisheria" niliousema: sheria inakuweka mbele ya foleni, ila haijazi mfuko.

Kenya haijafanya hivyo kwa wakopeshaji wa ndani, na benki na mifuko ya pensheni zimeshika sehemu kubwa ya deni hilo kiasi kwamba serikali ikiligusa inajichoma yenyewe. Ghana nayo ilikuwa na benki. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: hatifungani ibaki, isipokuwa ndiyo akiba yako yote ya dharura. Matumizi ya miezi sita hadi mwaka yawe mahali unapoweza kuyafikia bila kuuza chochote. Malipo ya riba yakiingia, usiyarudishe yote serikalini, gawanya. Za benki zina bima ya shilingi 500,000 kwa kila mwekaji katika kila benki, kwa hiyo kama ziko chini ya hapo lala usingizi. Kinga hiyo haifiki kwenye Sacco. Hakikisha Sacco yako ina leseni ya mwaka huu ya SASRA, msimamizi wa Sacco, na uangalie kama inatoa mikopo na kulipa wanaojitoa kwa wakati. Ikianza kuwazungusha wanachama, hiyo ni dalili ya karibu kuliko chochote cha Nairobi.

Kama una mkopo uliowekea dhamana hatifungani hiyo, kama kuna matibabu makubwa mbele yako, au kama mmoja wa wanao anataka umpe nywila ya DhowCSD, akaunti yako ya hatifungani kwa Benki Kuu, "akusaidie kuuza", usiamue kwa maandishi yangu. Kaa ana kwa ana na wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, umwambie akuandikie bei ya kuuza na ada zake kabla hujakubali. Na anayekuahidi dola za bei nafuu mkononi mtaani, mwache aende zake.

Kabla ya hayo yote, nenda tawi la Benki Kuu hapa Mombasa, barabara ya Nkrumah, na kitambulisho chako. Omba taarifa ya akaunti inayoonyesha tarehe za riba na ratiba ya kurudishwa mtaji, na uulize warithi wako watahitaji karatasi gani. Nenda na wanao. Wayasikie kwa masikio yao.